Matola apewa funguo tena, lakini Lindi tulishamuona akiwa mwenye nyumba

MINGOYO, Lindi. Habari ilifika kibanda umiza cha hapa Mnazi Mmoja Desemba 2025, kabla sijamaliza chai. Simba ilikuwa imeachana na meneja wake mkuu, Mbulgaria Dimitar Pantev, na kikosi kingekuwa chini ya Selemani Matola mpaka apatikane mwingine. Hakuna aliyeruka wala kushika kichwa. Jamaa wawili waliokuwa wanabishana bei ya korosho waliendelea na bei ya korosho.

Ukweli ni kwamba kusikia Matola ameachiwa Simba kwa muda ni kama kusikia basi la Masasi limechelewa. Inatokea, watu wanazoea, maisha yanaendelea. Na hapo ndipo mimi naona tatizo lilipo, kwa sababu tumeshazoea jambo ambalo tulipaswa kulihoji.

Pantev alikuja Oktoba 2025, akaondoka Desemba. Ameondoka baada ya Simba kuanza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa vipigo viwili, cha kwanza nyumbani dhidi ya Petro de Luanda ya Angola, cha pili ugenini kule Bamako dhidi ya Stade Malien. Kabla yake alikuwepo Fadlu Davids, aliyeifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025 kisha akaenda zake Raja Casablanca. Kabla ya Fadlu alikuwepo Benchikha. Kabla yake Robertinho. Kabla yake Zoran Maki, Pablo Franco, Didier Gomes na Sven Vandenbroeck. Hao ni wageni wanane tangu Desemba 2019, mwezi ambao Matola aliingia benchi la Msimbazi kama kocha msaidizi. Hakukaa na kila mmoja wao mwanzo hadi mwisho, kuna vipindi alikuwa pembeni, lakini ukipiga hesabu yeye ndiye aliyebaki.

Kwa vijana wenzangu ambao Matola wanamjua kwa traksuti tu, turudi nyuma kidogo.

Selemani Matola alikuwa kiungo, na alikuwa nahodha wa Simba. Mashabiki walimwita Veron, jina la Juan Sebastian Veron, yule fundi wa Argentina. Bongo huwa hatugawi majina ya aina hiyo kwa mchezaji anayekimbia tu. Ukiitwa Veron maana yake mpira ukifika kwako watu wanatulia, wanajua utakwenda mahali sahihi.

Mwaka 2003 ndio uliomuweka kwenye vitabu. Simba walipangwa na Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Ligi ya Mabingwa Afrika. Dar es Salaam Simba wakashinda 1-0, bao la Emmanuel Gabriel. Cairo wakafungwa 1-0. Ikaenda penalti, Juma Kaseja akafanya yake langoni, marehemu Christopher Alex akapiga ule mkwaju wa mwisho, na bingwa wa Afrika akavuliwa taji nyumbani kwake. Nahodha wa timu ile alikuwa Matola. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sikumbuki chochote, lakini hapa Mingoyo nimekua nikiisikia mechi ile kama watu wengine wanavyosikia hadithi za bibi. Kocha alikuwa Mkenya, marehemu James Siang'a. Timu ile ikaingia hatua ya makundi na kukutana na Enyimba, Ismaily na ASEC Mimosas.

Miaka hiyohiyo Matola akavuka kwenda Afrika Kusini kucheza SuperSport United. Hapa simama kidogo, msomaji. SuperSport ya enzi zile ilikuwa chini ya Pitso Mosimane, mzawa, kocha kijana ambaye klabu ilimpa timu mwaka 2001 na kukaa naye mpaka 2007. Wakati anaanza hakuwa na jina kubwa la ukocha. Walimpa miaka akajifunza kazi akiwa ameshika usukani mwenyewe. Mosimane huyohuyo baadaye akaja kubeba Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi Sundowns mwaka 2016, kisha mara mbili na Al Ahly. Kwa hiyo Matola aliishi katika nchi ambayo klabu ilimvumilia kocha wake wa nyumbani. Akarudi kwetu.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo watu wa Lindi tuna haki ya kuizungumzia kuliko mtu yeyote wa Dar es Salaam.

Jumamosi ya Juni 1, 2019, Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini, ilichezwa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports. Azam FC dhidi ya Lipuli FC ya Iringa. Kocha mkuu wa Lipuli alikuwa Selemani Matola.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita wiki chache kabla. Tulitoka hapa Mnazi Mmoja tumebanana kwenye daladala, midomo imekauka, maana tulikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Fainali ya kitaifa haiji Lindi kila siku, kwa hiyo swaumu na jua havikumzuia mtu. Wengi wetu hatukuwa mashabiki wa Azam wala wa Lipuli. Sisi huku ni Simba na Yanga kama nchi nzima. Lakini Lipuli walikuja na sifa moja iliyotufanya tuwashangilie: nusu fainali waliifunga Yanga 2-0 pale Samora, Iringa. Nusu ya jukwaa iliwapenda kwa sababu hiyo, nusu nyingine ilitaka kuona ni watu gani hao waliotufanyia vile.

Lipuli haikuwa timu ya pesa. Ilikuwa timu ya wachezaji ambao wakubwa hawakuwahitaji, pamoja na vijana waliokuwa wanatafuta njia. Lakini ilikuwa imepangwa. Hata mimi niliyekuwa sijasoma darasa lolote la uandishi wakati ule niliona kwamba mistari yao haikuachana, kwamba kiungo wao mmoja akipanda mwingine anabaki, kwamba walijua wafanye nini mpira ukipotea. Azam walikuwa na wachezaji bora, benchi refu na kila kitu, na bado Lipuli hawakufunguka hovyo. Bao lilikuwa moja tu, la Obrey Chirwa. Azam 1, Lipuli 0. Tukakimbilia daladala kuwahi futari.

Bao lile lilikuwa tofauti ya kwenda na kutokwenda Afrika. Bingwa wa kombe ndiye anayekata tiketi ya Kombe la Shirikisho la CAF. Lipuli ikarudi Iringa bila kitu, Matola akaondoka kwenda Polisi Tanzania iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, na msimu uliofuata Lipuli ikashuka daraja. Siwezi kusema ilishuka kwa sababu yeye hakuwepo, timu ile ilikuwa na shida zake nyingi za mfukoni. Lakini mtu aliyeifikisha timu ya namna ile fainali, tena kwa kuitoa Yanga, kuna kitu alikuwa anakijua.

Halafu kuna jambo la siku ile ambalo nilikuja kuliona baadaye, nilipoanza kazi hii. Azam nayo haikuwa na kocha mgeni kwenye benchi. Hans van der Pluijm alikuwa ameondolewa mapema mwaka ule na timu ikaachiwa wazawa wa muda, Meja mstaafu Abdul Mingange na Idd Cheche. Kwa hiyo fainali ile ya Lindi ilikuwa ya makocha wetu pande zote mbili. Waliobeba kombe walipata zawadi gani? Azam ikamchukua Etienne Ndayiragije kutoka KMC awe kocha mkuu. Muda ulikuwa umeisha, asanteni, rudini nyuma.

Ndiyo mtindo wetu. Mzawa anaitwa nyumba ikiungua. Moto ukizimika anaambiwa arudishe ndoo.

Hebu tuhesabu mara ambazo Matola ameshika ndoo hiyo Msimbazi. Januari 2021 Sven alipoondoka ghafla kwenda Morocco, Matola aliongoza Kombe la Mapinduzi, akafika fainali na kufungwa na Yanga kwa penalti. Mwezi huohuo akaja Gomes. Mei 2022 Pablo alipofungishwa virago baada ya kutolewa na Yanga kwenye nusu fainali ya Shirikisho, Matola akamalizia msimu. Akaja Zoran. Novemba 2023, baada ya zile tano za Yanga, Robertinho akaondoka, timu ikashikwa na Daniel Cadena, aliyekuwa kocha wa makipa, Matola akiwa msaidizi wake. Akaja Benchikha. Aprili 2024 Benchikha akaondoka, timu akapewa Juma Mgunda, Matola msaidizi. Akaja Fadlu. Na sasa hii ya Pantev.

Hiyo ya Cadena inanikera kuliko zote. Kocha wa makipa alionekana anafaa kushika timu kabla ya mtu aliyeifikisha Lipuli fainali.

Ili nisionekane napiga ngoma ya upande mmoja, niseme na upande wa pili. Wageni hawajaja kupiga picha tu. Sven aliipa Simba ubingwa na Kombe la Shirikisho msimu wa 2019/20. Gomes aliifunga Al Ahly kwa Mkapa na kufika robo fainali ya Afrika, na mpaka Desemba 2025 msimu ule wa 2020/21 ndio ulikuwa wa mwisho Simba kubeba Ligi Kuu. Fadlu amefika fainali ya Afrika. Huwezi kusimama kijiweni ukasema hawa hawakujua mpira. Na Matola mwenyewe hana kombe kubwa kama kocha mkuu. Fainali mbili nilizozitaja, ya Lindi na ya Mapinduzi, zote alipoteza. Shabiki wa Simba akiniambia hataki kocha wa kujifunzia kwenye timu yake, nitamuelewa.

Lakini nitamuuliza swali moja. Simba imecheza fainali mbili za Afrika katika historia yake. Ya 2025 iliongozwa na Fadlu. Ya kwanza, ile ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella Abidjan, kocha alikuwa nani? Abdallah 'King' Kibadeni. Mzawa, na mchezaji wa zamani wa Simba. Wakatoka sare kule Abidjan, wakafungwa 2-0 Dar. Fadlu naye alifungwa 2-0 kule Berkane, akapata sare ya 1-1 Zanzibar. Matokeo yanafanana, ni mpangilio tu uliogeuka. Kama tungetaka kusema mzawa hawezi kuifikisha Simba pale, tungelazimika kuuficha mwaka 1993.

Na karatasi? Tumekuwa tukiambiwa wazawa hawana vyeti. Mwaka 2021 CAF ilipobana masharti ya leseni, aliyekwama alikuwa Gomes, Mfaransa. Simba ikamchukua Hitimana Thierry, Mnyarwanda, ili benchi litimie. Hitimana alitokea wapi kwenye macho ya Watanzania? Alitokea hapahapa mkoani kwetu, Ruangwa, alikoifundisha Namungo ikamaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu na kufika fainali ya Shirikisho 2020 kule Sumbawanga. Walioifunga 2-1 siku ile ni Simba, na kwenye benchi la Simba alikaa Matola. Mwaka mmoja tu baada ya Ilulu, kombe alilolikosa akiwa kocha mkuu akalibeba akiwa msaidizi.

Ruangwa imekuwa kama chuo cha hawa watu. Aliyempokea Hitimana pale ni Hemed Suleiman 'Morocco'. Chini yake Namungo ikaitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5 na kuingia makundi ya Shirikisho Afrika. Mgunda naye alipotoka Simba alikuja kufundisha Namungo. Ukikaa hapa njia panda ya Mingoyo unawaona wakipita kwa barabara, maana ukitoka Dar na kwenda Ruangwa unapita hapa, barabara inagawanyika, moja Mtwara, moja Masasi. Mgunda huyu ndiye aliyeachiwa Simba Septemba 2022, akaiingiza makundi ya Ligi ya Mabingwa, na Januari akashushwa kuwa msaidizi wa Robertinho.

Hemed Morocco je? Kesi yake bado ina joto. Kwenye AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, Adel Amrouche alifungiwa, Hemed akashika timu mashindano yakiwa yanaendelea. Akabaki nayo, akaifunga Guinea 1-0 Novemba 2024, bao la Msuva, Taifa Stars ikafuzu AFCON iliyoanza Desemba 2025. Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya CHAN, akatolewa na Morocco kwa bao moja. Novemba, wiki chache kabla ya safari, TFF ikaachana naye na timu ikapewa Miguel Gamondi. Mashindano yalikuwa Morocco, na mtu pekee ambaye hakwenda Morocco ni Morocco. Gamondi ni kocha mzuri, aliipa Yanga ubingwa, sina neno naye. Nazungumzia namna ya kufanya mambo.

Sasa nirudi kwa Matola, maana kuna sehemu ya lawama ambayo ni yake, na watu wengi wanaogopa kuisema kwa sababu ni mtu wa heshima.

Desemba 2019 alikuwa kocha mkuu wa Polisi Tanzania. Timu ndogo, ndiyo, lakini yake. Aliiacha katikati ya msimu kwenda kuwa msaidizi Simba. Mwezi huohuo wa Desemba 2019, kule Uingereza, kiungo mwingine wa zamani aliyewahi kuwa nahodha alifanya safari ya kinyume. Mikel Arteta aliacha usaidizi wa Guardiola pale Manchester City, timu tajiri na yenye makombe, akaenda kuwa kocha mkuu wa Arsenal iliyokuwa hoi. Mpaka leo yuko pale. Najua Moshi si London na mshahara wa Msimbazi hauwezi kulinganishwa na wa timu ya mkoani. Mtu ana familia. Simba ni nyumbani kwake, na nyumbani wakikuita huwezi kukaa kimya. Lakini ile safari ilimgharimu. Kocha anajulikana kwa timu zake, na Matola tangu atoke Polisi hajawa na timu yake. Tunajadili uwezo wake kwa kutumia ushahidi wa zaidi ya miaka sita iliyopita na mechi chache za katikati.

Na hizo mechi za katikati ni mtego. Kaimu kocha hachagui wachezaji wa kusajili wala hajui kama Jumatatu atakuwepo. Akimweka benchi mchezaji mkubwa, mchezaji anasubiri tu bosi mpya aje. Akishinda, ni kwamba kikosi ni kizuri. Akipoteza, si unaona, tulisema. Mzee mmoja wa hapa kibandani, aliyewahi kuwa utingo wa malori ya kwenda Masasi, aliniambia jambo hili kwa njia yake. Alisema, mjukuu wangu, dereva akishuka kula, utingo analisogeza gari kivulini. Hakuna abiria anayesema utingo ni dereva.

Nikamuuliza, sasa babu, huyu utingo afanye nini? Akacheka, akaagiza chai.

Jibu langu mimi ni hili. Viongozi wa Simba wakae na Matola sasa, kabla ya kuanza kupokea wasifu wa makocha kutoka kila kona ya dunia, na wampe timu mpaka mwisho wa msimu kwa barua, si kwa kauli. Msimu wenyewe haukuwa kwenye hali ya kujivunia. Mpaka Desemba 2025 Yanga walikuwa wamebeba ligi mara nne mfululizo, na kwenye makundi ya Afrika Simba haikuwa na pointi. Mgeni atakayekuja Desemba atahitaji wiki tatu kujifunza majina ya wachezaji. Matola anawajua, anawafahamu na wanaodanganya kuumwa. Wampe na dirisha dogo la usajili, awe na sauti ndani yake. Akishindwa ikifika Mei, aondoke kama makocha wengine wanavyoondoka, kwa kupimwa.

Kama hawataki, na nina wasiwasi hawatataki, basi safari hii Matola aseme hapana kwenye kiti cha pili. Atafute timu, hata ya kupigania isishuke daraja, yenye uwanja wa vumbi na mshahara wa kuchelewa, akae nayo misimu miwili. Lipuli hii ya sasa haipo Ligi Kuu, lakini za aina yake ziko tele. Pale Ilulu tulimuona kwa mgongo tu kutoka jukwaani, amesimama mbele ya benchi lake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake yule ni msaidizi wa nani.

Wakati namalizia kuandika, jamaa wa korosho wamehama kutoka kwenye bei na wamefika kwenye Simba. Mmoja anasema atakuja Msauzi, mwingine anasema Mfaransa. Jina la Matola halijatajwa.